Maharagwe Kumi ya Mama Mkwe

Kuna watu hapa Kikima ambao mpaka leo wakinikuta sokoni nikinunua maharagwe huniuliza kama ni ya kupika ama ni ya kupima, na mimi hucheka pamoja nao kwa sababu ukikasirika ndiyo wanajua bado inauma. Inauma. Nikiulizwa ni ngapi kwa kumi nitasema nne (zamani ilikuwa tisa, kwa hivyo kuna maendeleo). Mkasa huu nimeuandika kwenye daftari mara tatu na mara tatu nikachana karatasi, kwa sababu mara ya kwanza nilijifanya mjanja, mara ya pili nikamtwika Sista Kalunde makosa ambayo si yake, na mara ya tatu nikasahau kuandika kwamba aliyenyamaza mahali pa kusema ni mimi. Wacha nijaribu tena. Nikikosea, mke wangu Mueni atasoma na kunisahihisha, maana yeye alikuwepo na aliona yote.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya huku milima ya Mbooni, ambayo jina lake nitaliacha kwa sababu haikunikosea lolote. Kazi yangu ilikuwa kusukuma vitanda, kubeba maji moto na kubadilisha shuka. Shule niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na tangu nikiwa kijana nina hii tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari, hata mvua ikinyesha kidogo naandika imenyesha kidogo.

Basi akaja Daktari Odhiambo, kijana mrefu kutoka upande wa ziwa, mpole, anayeongea polepole kama mtu anayetembea kwa tope. Yeye alikuwa anafanya utafiti juu ya uchungu. Kule kwetu mtu akipasuliwa mguu ama tumbo la chini, siku hizo alikuwa anadungwa sindano ya mgongo, na baada ya dakika chache kutoka kiunoni kwenda chini anakuwa kama gogo, lakini kichwa kiko macho, anasikia daktari akiitisha makasi na anaweza hata kuuliza bei ya mahindi. Hiyo ilikuwa inajulikana. Shida ni pale sindano inapoisha, mguu ukiamka unaamka na hasira. Kwa hivyo Daktari alitaka kujua jambo moja: akiongeza dawa ya ganzi ndani ya kidonda kabla ya kushona, je, mgonjwa atakaa muda mrefu zaidi bila kuumwa? Wengine walikuwa wanawekewa hiyo dawa na wengine hawawekewi, na aliyeamua ni bahasha iliyofungwa. Wote walikuwa wameelezwa wakakubali. Mimi sikujulishwa nani ni nani, na Daktari akaniambia hiyo ndiyo sababu ya kunihitaji.

"Mutiso," akaniambia, "kazi yako ni kuuliza na kuandika. Kila masaa mawili uliza uchungu ni ngapi, kutoka sifuri hadi kumi. Akifika tano kwenda juu, mwambie sista amdunge dawa ya kutuliza. Usiongeze, usipunguze. Uchungu ni ule mgonjwa anasema."

Alinichagua mimi na wala si Kioko, mhudumu mwenzangu ambaye alikuwa amefika kidato cha pili, kwa sababu mwezi uliotangulia nilivunja themometa nikiwa peke yangu stoo na nikaenda kujishtaki mwenyewe. Nilijivunia sana jambo hilo, nasema ukweli, na mtu anayejivunia kuvunja kitu yuko karibu kuvunja kingine.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Unamuuliza mzee uchungu ni ngapi kwa kumi, anaangalia dari, anafikiria, anasema, "Huyo daktari amefanya kazi safi. Mpe kumi." Unamweleza kwamba kumi ni mbaya. Anakasirika. "Kumi ni mbaya tangu lini? Wewe ulisoma shule gani?" Mama mmoja wa Mukuyuni nilipomwambia sifuri ndiyo nzuri aliniambia yeye hajawahi kuchukua sifuri maishani na hataanza hospitali.

Ndipo nikapata wazo. Nilichukua mikebe miwili midogo ya kakao iliyokuwa imetupwa jikoni, mmoja nikautia maharagwe kumi mekundu na mwingine nikauacha mtupu. Mgonjwa unampa yote miwili unamwambia: haya maharagwe ni uchungu, hamisha kwenye mkebe mtupu kiasi cha unavyoumwa, ukiwa huumwi usiweke kitu. Hakuna alama, hakuna mwalimu. Ikashika vizuri sana. Wazee waliokuwa wakitoa kumi kama shukrani sasa walikuwa wanahesabu maharagwe kwa vidole, moja, mbili, wanarudisha moja, wanafikiri, wanaongeza. Daktari Odhiambo alisimama akaangalia, akatikisa kichwa, akasema, "Mutiso, hii nitaiandika kwenye ripoti, na jina lako."

Jina langu kwenye ripoti. Nilienda nyumbani siku hiyo sikanyagi chini.

Sasa, wiki hiyo hiyo mama mkwe wangu alikuwa anafukuza mbuzi aliyeingia kwenye kunde zake, na huku kwetu mashamba ni matuta juu ya matuta, ukiteleza la juu unasalimia yote ya chini. Akavunjika mguu chini ya goti. Walimbeba kwa kitanda mpaka barabarani, akafikishwa hospitali yetu, na ikaamuliwa apasuliwe mfupa ufungwe kwa chuma.

Hapa lazima nieleze kitu kwa msomaji ambaye si Mkamba. Kwetu kuna nthoni. Ni heshima, lakini ni heshima yenye uoga ndani yake. Mwanamume na mama wa mke wake hawaangaliani usoni, hawashikani mkono, hawakai kwa nafasi ndogo pamoja, wakikutana njiani kila mmoja anasogea upande wake wanasalimiana wakiangalia majani. Nilikuwa nimemuoa Mueni miaka sita, na kama ungeniambia nimchore mama yake ningechora leso na kikapu cha kyondo tu, hapo katikati singejua niweke nini. Na kuhusu kumwona amelala, tena miguu yake, hilo hata kuliandika natoa jasho.

Asubuhi ya upasuaji Daktari alinipa orodha ya wagonjwa wa utafiti. Wa tatu alikuwa yeye. Nilisoma jina mara mbili. Daktari alikuwa anafunga kofia yake ya upasuaji, akaniuliza, "Kuna shida yoyote na hii orodha?"

Hapa ndipo mahali penyewe. Mtu mwenye akili angesema, Daktari, huyu ni mama mkwe wangu, mpe Kioko. Ilikuwa ni sentensi moja. Lakini niliwaza kwamba Kioko atauliza vizuri, na akiuliza vizuri ataachiwa mikebe, na akiachiwa mikebe jina kwenye ripoti litakuwa la Kioko. (Kioko hajawahi kunifanyia ubaya wowote, niandike na hilo.)

"Hakuna, Daktari," nikasema.

Alipopasuliwa nilijificha stoo ya shuka. Aliporudishwa wodi ya wanawake mwendo wa saa nne nilikuwa bado stoo, nikikunja shuka ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Saa tano ikafika, saa ya kuuliza. Nilipanga hivi: kitanda chake kilikuwa mwisho, karibu na dirisha, nikakizungushia lile pazia la fremu ya chuma lenye magurudumu, nikasimama nje yake nikiangalia dirisha, mikebe nikaiweka kwenye sinia, na sinia nikaisukuma chini ya pazia kwa fimbo ya ufagio.

"Mama," nikasema kwa dirisha, "ni Mutiso."

Sauti ndogo ikajibu, "Najua ni wewe. Mueni aliniambia unafanya kazi hapa."

"Umeamkaje, Mama?"

"Nimeamka. Watoto?"

"Wako."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu zaidi tuliyowahi kufanya. Jasho lilikuwa limefika kiunoni. Nilitakiwa sasa nimweleze maharagwe ni nini, lakini kumwambia mama mkwe aniambie mwili wake unaumwa kiasi gani, mdomo ulikataa kabisa. Nikasema tu, "Mama, kuna mikebe miwili hapo, mmoja una maharagwe na mwingine hauna kitu. Ni ya daktari. Ule mtupu utaurudisha... vile utaona." Vile utaona. Mimi ndiye wa kuandikwa kwenye ripoti.

Nikasikia mama wa kitanda cha jirani akiinama kumsaidia kuokota sinia. Huyo alikuwa Mama Kasyoka wa Kikima, aliyepasuliwa siku mbili kabla, mwanamke mwenye maneno mengi na macho mengi zaidi. Baadaye kidogo sinia ikarudi chini ya pazia. Nikafungua ule mkebe uliokuwa mtupu. Maharagwe yote kumi yalikuwa ndani, na juu yake peremende mbili za rangi ya chungwa.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa, na alielewa haraka kuliko mimi. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea unga kwa bakuli, bakuli linarudi na kitu, hata kama ni viazi viwili. Sasa mkwe amekuletea mkebe mtupu akakwambia urudishe vile utaona, mama gani angeurudisha bila kitu? Alimimina maharagwe yote, na kwa kuwa alidhani ni machache akaongeza peremende kutoka kwa kibeti chake. Lakini mimi nilikuwa na woga na kalamu, na mtu mwenye woga na kalamu huandika. Niliandika: *Saa tano. Kumi.* Halafu kwa sababu sitaki kuficha chochote nikaongeza, *na peremende mbili.*

Daktari alipita akaona kumi, akashtuka, akaenda akamfinya vidole vya mguu. Hakuhisi kitu. "Mguu haujaamka na anasema kumi," akasema, akikuna shingo. Lakini mwenyewe alikuwa ametuambia uchungu ni ule mgonjwa anasema, na labda ni mgongo, labda ni kichwa. Akamwambia Sista Kalunde amdunge ile sindano kali ya kutuliza, ile inayofungiwa kwenye kabati la kufuli. Mama mkwe hakukataa. Aliyelelewa kwa heshima hakatai cha wenyewe.

Sasa ile dawa ukipewa ukiwa unaumwa inakutuliza. Ukipewa ukiwa huumwi popote, inatafuta kazi nyingine. Saa sita nilikuwa nikisukuma kigari cha chakula katikati ya wodi nikasikia sauti inaimba wimbo wa kanisani, sauti nzuri, ya juu, na wodi nzima imegeuka. Ni yeye. Mwanamke ambaye kwa miaka sita nilikuwa nimesikia kutoka kwake maneno labda arobaini. Akamaliza wimbo, akaanza kuongea na Mama Kasyoka.

"Mueni alikuwa na wawili waliomtaka," akasema, na pazia halizuii sauti, watengenezaji wanafaa kujua hilo. "Mmoja alikuwa na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi."

"Ehe," akasema Mama Kasyoka, ambaye alikuwa amekaa vizuri.

"Akamwacha wa ng'ombe akachukua huyu wa kuandika andika. Miguu kama ya kuku wa kuzunguka. Mimi kuangalia sikumwangalia, lakini miguu niliiona, maana nilikuwa naangalia chini."

Wodi ikacheka. Nilikuwa nimesimama na bakuli la uji mkononi, meta tatu kutoka hapo.

"Na ni mtu mbaya?" akauliza Mama Kasyoka, akiniangalia mimi moja kwa moja.

"Hapana. Ni mzuri. Hajawahi kumpiga mtoto wangu. Lakini ni mwoga. Akija nyumbani anasalimia mlango."

Nikaweka uji mezani nikatoka. Nilisimama nje kwa tangi la maji kama robo saa. Nataka kuwa wa haki: yote aliyosema yalikuwa kweli, pamoja na ya miguu.

Saa saba nilipitia tena. Safari hii alikuwa amelala fofofo, na fomu ilikuwa na mahali pa kuandika *amelala*, nikaandika kwa furaha kubwa. Lakini alipoamka mwendo wa saa nane, Mama Kasyoka alimweleza habari ya maharagwe. Najua kwa sababu alinieleza mwenyewe baadaye bila kuulizwa. Alimwambia, "Hayo uliyotia kwa mkebe ni uchungu wako. Mkwe wako amekuandika kumi kwa kitabu cha daktari." Na mama mkwe akashika shavu. Yaani amemwambia mkwe wake anaumwa. Yaani ametangaza mwili wake kwa mume wa mtoto wake, tena kumi, kama mtoto anayelia.

Sasa mguu nao ukaamka.

Saa tisa nikasukuma sinia kwa fimbo ya ufagio. Ilikaa huko muda. Iliporudi, mkebe wa uchungu haukuwa na haragwe hata moja. Ulikuwa na peremende moja.

"Mama," nikasema kwa dirisha, "ni sifuri?"

"Ni sifuri, mwanangu. Niko sawa."

Lakini alikuwa anapumua. Si kupumua kwa kawaida, ni kule kwa kuhesabu, ndani pole, nje kwa vipande, na katikati sauti ndogo ya kitambaa, mtu anayeuma leso. Nilisimama pale. Nilikuwa nimesikia wagonjwa wengi wakipumua hivyo, na wote walikuwa watu wa maharagwe manane kwenda juu. Niliandika: *Saa tisa. Sifuri, na peremende moja.* Niliandika bila kuangalia karatasi, na hiyo tisa ilifanana na saba.

Nikaenda kwa Sista Kalunde.

"Sista, yule mama wa mwisho nadhani anaumwa."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

"Amesema ngapi?"

"Sifuri."

"Basi." Akarudi kwa kazi yake. Halafu akainua kichwa, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa sheria. "Mutiso, nimeenda kwake mwenyewe saa hizi nikamuuliza, amenijibu yuko sawa, ameshamwambia mkwe wake. Mkwe wake ni nani?"

Mara ya pili mlango ulifunguliwa. Sista Kalunde alikuwa Mkamba wa Kitui, ningesema tu ni mimi angeelewa yote kabla sijafunga mdomo, angeenda kumweleza mama kwamba mkwe hatajua, na mambo yangeisha. Lakini ningesema pia kwamba nilimdanganya Daktari asubuhi, na saa zote hizi nimekuwa nikisukuma vyombo kwa ufagio.

"Sijui, Sista," nikasema. "Watu wa huko."

Na Daktari alikuwa ameingia chumba cha upasuaji na mama mjamzito mwenye shida, hangetoka mpaka jioni.

Kwa hivyo hali ilikuwa hivi, na niliiandika kwa daftari hivyo hivyo: mama mkwe wangu anaumwa, sindano iko kabatini hatua kumi na tano kutoka kwake, na katikati ya yeye na sindano ni mimi. Hawezi kuniambia. Na nikiandika lisilosemwa nimeharibu kitabu chote cha Daktari. Nikiandika lililosemwa, naye anaendelea kuuma leso.

Saa kumi wageni wakaingia. Na hawakuja wachache. Alikuja Mueni na chakula, akaja shemeji yangu Muthiani, wakaja akina mama wa kanisa lake kama kumi na wawili, wamevaa sare zao na vitambaa vyeupe, wakasimama kuzunguka kitanda wakaanza kuimba. Mama mkwe alikuwa ndani ya pazia hapo mbele yao (walilifungua upande mmoja tu, wangu uliachwa), na akina mama walikuwa wanasema, anaendelea vizuri, uso wake una amani. Mimi nikiwa upande wangu nilisikia pumzi.

Nikajiambia, Mutiso, nikiona kwa macho yangu kwamba anaumwa, nitaenda kwa Sista nimwambie nimeona, na hiyo haitakuwa ya kwenye kitabu, itakuwa ushahidi wa mtu. Nitaangalia kidogo tu, kwa jicho moja. Pale vitambaa viwili vya pazia vinapokutana palikuwa na nafasi ya kidole. Nikashika fremu kwa mkono mmoja, sinia na mikebe kwa mkono mwingine, nikainama.

Nilikuwa nimesahau magurudumu.

Fremu ilianza kwenda polepole. Nikaiegemea zaidi ili niisimamishe, na hiyo ndiyo fikra mbaya zaidi niliyowahi kufikiria, kwa sababu ilikimbia. Miguu yangu ilibaki, kifua kilienda na pazia, pazia likaangukia kitandani, na mimi nikaangukia pazia. Sinia iligonga sakafu na ile sauti ya sinia, maharagwe yakaenda kila upande wa wodi, wimbo ukakatika katikati ya neno.

Kwa neema ya Mungu niliangukia upande wa mguu mzima. Nilipofungua macho nilikuwa nimelala kifua juu ya kitanda cha mama mkwe wangu, nimefunikwa kitambaa cha kijani mgongoni, na uso wake ulikuwa hapa na wangu hapa.

Sasa naweza kumchora. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na macho yake ni ya Mueni kabisa. Yalikuwa mekundu, yamejaa maji mpaka pembeni.

Mueni akasema, polepole sana, "Mutiso. Toka juu ya mama yangu."

"Naona yule wa ng'ombe wa gredi hangefanya hivi," akasema Mama Kasyoka kutoka kitanda cha jirani.

Nilitaka kutoka, lakini mguu ulikuwa umeshikwa na fremu. Na mama mkwe akaongea. Hakuangalia dari, hakuangalia leso. Aliniangalia mimi.

"Umeniona," akasema.

"Nimekuona, Mama."

"Wote wameona umeniona."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Akafumba macho kidogo, akayafungua. "Basi hakuna kilichobaki cha kuficha," akasema. "Ni kumi. Tangu saa nane ni kumi. Sasa andika, upesi, na uwaambie walete hiyo sindano."

Kalamu ilikuwa bado mfukoni mwa shati. Fomu ilikuwa chini ya tumbo langu. Niliivuta, nikaandika nikiwa nimelala vile vile, kwa sababu aliniambia niandike na sikuona mtu mwingine wa kumsikiliza. *Saa kumi. Kumi.* Muthiani akaninyanyua kwa ukosi wa koti kama mbuzi. Sista Kalunde, aliyekuwa amekuja kwa ile kelele, akatuangalia wote, mama, mimi, pazia, akasema, "Kumbe mkwe ni wewe," akageuka akaenda kabatini akikimbia. Alikimbia, na niliona, na ndiyo maana ile karatasi niliyomlaumu niliichana.

Dakika ishirini baadaye mama mkwe alikuwa anapumua kama watu. Akina mama wa kanisa walirudia wimbo mwanzo, lakini kila wakifika pale walipokatika kulikuwa na mmoja nyuma aliyeshindwa, mabega yanatingika, na akishindwa mmoja wote wanashindwa. Mimi nilikuwa chini ya vitanda nikiokota maharagwe. Nilipata tisa. La kumi lilipatikana wiki iliyofuata kwenye kiatu cha Mama Kasyoka, na alilirudisha kwa mikono miwili mbele ya watu.

Asubuhi Daktari Odhiambo alikaa na fomu muda mrefu. "Mutiso," akasema, "peremende ni kipimo gani?"

Nikamwambia yote, kuanzia orodha. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alisema rekodi ya mama mkwe wangu lazima itolewe kwenye utafiti, haiwezi kuhesabiwa. Halafu akaniuliza swali ambalo lilinikosesha usingizi: ni wangapi wengine walinipa maharagwe ya heshima? Nikarudi kwenye vitabu. Kuna wazee wawili waliolala vitanda vya kugusana, wa rika moja, na kila mmoja alikuwa ametoa haragwe moja tu siku nzima, huyu moja na yule moja, kama wamekubaliana. Kuna fundi wa baiskeli niliyemuuliza mbele ya wanafunzi wake. Nilimpelekea Daktari majina yote. Akaandika sheria mpya mbili, kwamba mgonjwa ataulizwa akiwa peke yake, na muulizaji kwanza ataje kama mgonjwa ni jamaa ama mkwe wake. Kufukuzwa sikufukuzwa, lakini mikebe alipewa Kioko, na Kioko aliifanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi. Kwenye ripoti jina langu halipo. Kama mama mkwe aliwekewa ile dawa ya kidonda ama hakuwekewa, sikuuliza, sikuona kama ni haki yangu kujua.

Mbuzi nilipeleka, maana wazee walisema nthoni iliyovunjwa mbele ya wanakwaya haiwezi kuachwa hivyo. Mama mkwe alimla akiwa ameketi na magongo yake kando, na mimi nilikaa nje nikiangalia mlango.

Nimeapa mambo mawili tangu siku hiyo. Siegemei kitu chenye magurudumu. Na mtu akiniuliza kama kuna shida na nikawa na shida, nasema ipo, hapo hapo, hata kama kuna Kioko.

Tumerudi kwa nthoni yetu kama kawaida, namsalimia kupitia majani na yeye ananisalimia kupitia leso. Isipokuwa ule mguu wenye chuma, baridi ya Julai inapoingia milimani, huwa unamsumbua, na mimi ndiye mwenye kujua tembe za pale dukani. Hasemi kitu. Mueni akienda kumwona hurudi na mkebe wa kakao kwenye kyondo, nami naufungua jikoni nikiwa peke yangu. Juzi ulikuwa na maharagwe matano. Nikapeleka tembe siku hiyo hiyo, nikaziacha mlangoni, na mkebe nikaurudisha na sukari ndani.